Bakapu ya ofisi ndogo ya mawakili: diski moja ya nje inatosha?

majalada_ar

Wakuu, heshima kwenu. Ofisi ni ya mawakili wawili na karani mmoja, Arusha. Kompyuta ya mezani ndiyo yenye folda ya majalada yote, kama GB 90: Word, PDF za kuskani na barua pepe za Outlook. Laptopu mbili zinaifungua folda hiyo kupitia Wi-Fi. Bakapu (nakala ya akiba) ni diski ya nje ya TB 1 iliyochomekwa muda wote, na baadhi ya folda zimeunganishwa na Google Drive. Zote ni Windows 11. Ya mezani ni Pro, laptopu ni Home. Kuna tundu hapo? Na diski ikiibiwa, siri za wateja zinalindwaje? Nawasilisha.

fundi_sanawari

Mkuu, tundu ni hilo neno "muda wote". Virusi vinavyoteka mafaili na kudai pesa hufunga kila kitu ambacho mtumiaji ana ruhusa ya kukiandika, pamoja na folda ya mtandao. Karani akifungua kiambatanisho kibaya kwenye laptopu yake, majalada ya kompyuta ya mezani yanaweza kwenda yote. Virusi vikiingia kwenye ya mezani yenyewe, diski iliyochomekwa nayo imekwenda. Radi na mwizi hali kadhalika.

Google Drive hulandanisha tu. Faili ikiharibika hapa, iliyoharibika ndiyo inayopanda kule. Matoleo ya nyuma ya Word na PDF hukaa siku 30 au matoleo 100, na kilichotupwa hufutika baada ya siku 30. Jalada lililofutwa Januari likihitajika Aprili halipo tena.

Ongeza diski mbili za TB 1, zote tatu ziandikwe A, B na C. A na B zipishane kila Ijumaa, na iliyotoka ilale nyumbani kwa wakili, siyo kwenye droo ya ofisi hiyohiyo. C ichomekwe mara moja kwa mwezi tu.

Kwa programu, Veeam Agent ya bure inatosha. Inanakili hata mafaili yaliyo wazi, na ina chaguo la kuitoa diski bakapu ikiisha. Liwashe, kisha chomoa waya. Nakala ya kwanza ni nzima na itachukua muda, zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Tengeneza pia flashi ya kuwashia kompyuta ambayo Windows yake imekufa, na uijaribu kabla haijahitajika. Wapo wanaotumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, na /MIR. Hiyo hufuta kwenye bakapu chochote kilichofutwa kwenye chanzo, kwa hiyo kosa la mchana linakuwa kosa la bakapu usiku.

Angalia Outlook kwa makini. Kama akaunti imewekwa kwa POP (njia inayoshusha barua kwenye kompyuta), barua zinaweza kuwa zimebaki kwenye faili ya PST, ghala la barua la Outlook, peke yake, kwa sababu seva imeshazifuta. Hakikisha faili hiyo imo ndani ya bakapu.

bi_seva

Naongezea upande wa kufunga diski, isisomeke bila nenosiri. Kwenye ile ya Pro washa BitLocker, kifunga diski cha Windows, kwa diski ya ndani yenye Windows (C:) kwanza, halafu kwa kila diski ya nje. Laptopu za Home haziwezi kuanzisha BitLocker kwenye diski ya nje, ila zinaweza kuifungua kwa nenosiri na kuiandika. Diski zake zenyewe zina ufungaji mwepesi kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kama mashine inaukubali.

Ufunguo wa dharura una tarakimu 48. Uchapishe nakala mbili, moja sefu ya ofisi, nyingine kwa wakili wa pili. Kuuhifadhi ndani ya diski hiyohiyo ni kazi bure. Kuna mtego mwingine: fundi akikuwekea Windows kwa akaunti yake ya Microsoft, ufunguo huenda kwenye akaunti ya fundi. Siku BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) ikiguswa na kompyuta ikadai tarakimu hizo, unaanza kumtafuta mtu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, na ufunguo utauona hapohapo.

Kila mtu atumie akaunti ya kawaida, siyo ya msimamizi. Na kama Office ni ya "kukrakiwa", iondoeni. Hivyo vifaa vya kukrakia mara nyingi hukutaka uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza, na ukishaizima hujui kilichoingia.

majalada_ar

Nashukuruni. Flashi zinazokwenda steshenari kuchapisha na kujalidi je? Na je, niache Google Drive?

fundi_sanawari

Flashi ya steshenari iwe moja, isiwe na kitu kingine, na ibebe PDF tu. Ikirudi, ifomati kabla ya kufungua chochote. Kwa flashi nyingine yenye mafaili mnayoyahitaji, folda zikigeuka kuwa njia za mkato usizibofye. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu: `attrib -h -r -s E:\*.* /s /d` huyarudisha, kama flashi ni E. Kisha skani. Siri ndiyo ngumu zaidi, maana kompyuta ya duka hubaki na nakala kwenye desktop. Hati za mteja zichapwe ofisini.

Drive bakini nayo kwa kazi ya kila siku. Ukitaka kupandisha zote GB 90 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 5, ni kama saa 40, basi gawa kwa usiku kadhaa. Kabla ya hapo someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi.

wakili_pwani

Kwa wenzetu wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mjue taarifa zimevuja, pale panapokuwa na hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika. Diski iliyofungwa vizuri ikiibiwa, hoja hiyo mnaijibu kwa urahisi zaidi.

bi_seva

La mwisho: kila mwezi chagueni jalada moja, lirudisheni kutoka diski iliyokuwa nyumbani hadi kwenye laptopu, mfungue Word moja, PDF moja na barua pepe moja. Alama ya kijani kwenye programu inasema tu kwamba kazi ilikamilika. Na virusi vikipiga, msichomeke bakapu yoyote kwenye mashine hizo mpaka Windows iwekwe upya.