Mrejesho: jumuiya ya Nyalenda, tunasali pamoja lakini hatujuani

Niliuliza kwa nini jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hapa Kisumu inakutana kila wiki na bado watu hawajuani. Asanteni wote. Haya ndiyo yaliyosaidia.

Tuligawanyika makundi mawili. Watu wakizidi 12, watatu huongea na wengine husikiliza tu.

Zile hatua saba za kushirikishana Injili (kusoma Neno pamoja na kusema lilivyokugusa) tunazifuata zote sasa. Ya nne, kimya, ilikuwa inarukwa. Ya tano, kushirikishana, ikageuka mahubiri. Kwa hiyo kimya ni dakika 3 kwa kutazama saa, kisha kila mtu husema “mimi”, si “sisi Wakristo tunapaswa”, na hajibiwi. Ya sita, tendo, lazima liwe na watu wawili na siku: nani na nani wamwone mgonjwa Jumamosi. Urafiki unashika mizizi huko njiani, si kwenye viti.

Chai ni strungi (bila maziwa) na njugu, basi. Soda na mandazi ziliwafanya wengine wakwepe zamu ya kukaribisha. Michango ya matanga husubiri sala ya mwisho. Ikitangulia, asiye na kitu haji tena.

Wanaume bado wachache. Tutajaribu kukutana Jumapili baada ya misa.