Kwa Bi Mkubwa: nani analala na nani

*Jumanne, Oktoba*

Da Mwana: Assalamu alaykum. Wasafiri wa Disemba, wakala wa safari yetu ya meli kanipigia. Anataka majina ya kila chumba kabla ya Ijumaa.

Faki: Waalaykum salaam. Si tulisema tutajuana humo humo melini?

Da Mwana: Humo melini tutajuana kulala. Majina anayataka sasa.

Salma: Hesabu ninayo, nimekesha nayo. Vyumba vya ndani, visivyo na dirisha. Kila chumba, watu wawili wa mwanzo ni dola 640 kila mmoja. Wa tatu na wa nne 310. Kodi na ada za bandari mbali. Tuko tisa. Tukichukua vyumba vitatu, watatu watatu, 4,770. Vyumba vinne, 5,430.

Faki: Tofauti 660. Ami Khamis, hizo mbuzi wangapi huko Chake?

Ami Khamis: Wa kutosha kumwita kila mtu ila nyie mlioko Marekani.

Rehema: Na vyumba vyenye roshani je?

Salma: Wifi, bei ya roshani hata sikuiuliza, nisije nikaona kigegezi kabla ya kupanda meli.

Salma: Mimi naona hivi. Cha kwanza: Da Mwana, Shem Othman na Mama. Cha pili: mimi, Nasra na Talha. Cha tatu: Kaka Faki, Wifi Rehema na Yahya wangu.

Othman: 🙏

Othman: Shem, mimi sina neno. Lakini.

Salma: Lakini nini?

Othman: Lakini.

Rehema: Mie ninalo. Yahya ana miaka 19 na mie mkaza mjomba wake. Siku tano mtandio nitauvulia wapi, bafuni?

Yahya: Naunga mkono hoja ya mkaza mjomba.

Da Mwana: Salma, Mama hajasoma bado. Futa.

Nasra: Mama mdogo, nimeshamsomea 😬 Bibi anasema niandike hivi hivi alivyosema. "Salma, nimekuzaa Wete kwa uchungu wa siku mbili. Leo unilaze chumba kimoja na mkwe wangu? Othman akipita sebuleni mimi navuta kanga. Nikiamka usiku kwenda chooni nimkute na kikoi chake, mimi na yeye tutaangaliana vipi asubuhi?"

Othman: Mama, shikamoo. Mungu akuweke. Hiyo ndiyo ile lakini yangu.

Salma: Mama jamani, ni kwenye karatasi tu. Tukishapanda tunabadilishana, wewe unakuja kwangu.

Nasra: Bibi anasema hata kwenye karatasi. Anasema likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, yatakayosomwa ni hayo makaratasi. Wataita chumba fulani: Othman, mkewe na mkwewe.

Ami Khamis: Shemeji yangu ana haki. Kwenye meli ya Mapinduzi ile kongwe, Mkoani kwenda Unguja, tukilala juu kwenye mikeka, mbuzi upande huu, watu upande huu. Na bado wanawake walikuwa na pembe yao.

Faki: Kwa nini tusichukue vyumba vitatu, wanaume kimoja, wanawake viwili, na Talha alale chini kwenye godoro?

Da Mwana: Hawakubali godoro. Chumba cha watatu ni watatu, hata mtoto mchanga anahesabiwa. Wanahesabu vitanda, majaketi ya kujiokolea na nafasi za boti za uokozi. Wakala anasema kuna wakati chumba kina kitanda kitupu na bado hawaongezi mtu, kwa sababu boti za upande huo zimejaa.

Yahya: Mimi na Talha tupeni chumba chetu. Hatumsumbui mtu.

Da Mwana: Nimeuliza. Meli hii kila chumba lazima kiwe na mtu wa miaka 21 kwenda juu. Wewe huhesabiki.

Yahya: Kupiga kura nahesabika, kulala sihesabiki.

*Jumatano*

Da Mwana: Haya. Vyumba vinne. Salma 660 zako nitachangia mimi na Othman, usininunie. Kwenye karatasi ni hivi.

8240: Mama, mimi, Nasra
8242: Othman, Talha
8244: Faki, Rehema
6117: Salma, Yahya

Tukishapanda: mimi nahamia kwa Othman. Talha anakwenda kwa Yahya. Salma anapanda juu kwa Mama na Nasra.

Salma: Kwa nini sisi tu ndio 6117?

Da Mwana: Sitaha ya nane vilibaki vitatu tu pamoja. Hicho kiko chini na mbele kidogo.

Ami Khamis: Mbele wapi? Omo?

Da Mwana: Karibu na omo, Ami.

Ami Khamis: Basi mama watu msimweke huko. Omo inapanda na kushuka, nyuma kwenye tezi nako unasikia parapela. Mwenye kulevywa na bahari akae katikati na chini.

Da Mwana: Mama yuko katikati. Chini ndiyo sikupata.

Nasra: Bibi anauliza kwenye karatasi yuko na nani. Nimemwambia binti yake na mjukuu wake. Anasema hiyo hata ikisomwa msikitini hana wasiwasi.

Da Mwana: Na wale wa kadi ya ukaazi wa Marekani, Mama na Othman: Mexico hawawadai viza mkiwa na kadi, lakini pasi ya Tanzania lazima iwe hai. Othman angalia yako leo. Leo, si kesho.

Othman: Iko hai. Ya Mama pia nimeiangalia.

*Jumatatu, Disemba. Galveston*

Faki: Tumefika maegesho. Ukungu, hata meli yenyewe siioni.

Ami Khamis: Mtoto wa Pemba anaitafuta meli ya sitaha kumi na kitu.

Da Mwana: Kila mtu apande na kadi yake. Nasema tena, kadi yake. Hiyo ndiyo ufunguo, ndiyo pochi, ndiyo ya kutokea na kuingilia. Kubadilishana vyumba ni kesi nyingine, msibadilishane kadi.

Salma: Nimepita mapokezi kuomba funguo za ziada. Wala hawakushangaa, dada wa watu anasema familia zote zinafanya hivyo. Katoa kadi za mlango tu. Ila kasema mawili: ukinunua kitu, deni linakwenda kwa yule wa kwenye karatasi. Na zoezi la dharura unakwenda kituo kilichoandikwa kwenye kadi yako ya mwanzo, siyo cha chumba unacholala.

Da Mwana: Tumeni picha za kadi, nataka kuona herufi ya kituo.

Nasra: C. Bibi C. Mama C.

Rehema: C wote wawili.

Othman: C. Talha kavalishwa na kibangili mkononi, kimeandikwa C.

Yahya: A.

Salma: A.

Da Mwana: Mh.

Othman: Jamani chumba chetu vitanda viko mbalimbali, kimoja huku kimoja kule. Ni kwa sababu kwenye karatasi niko na Talha. Mhudumu nimeshamwambia aviunganishe.

Da Mwana: Othman, hili kundi la familia.

Faki: 😂😂😂

Ami Khamis: Kumekucha.

Rehema: Nimebandika sumaku ya Zanzibar kwenye mlango wetu. Milango yote sawasawa kama ya hospitali. Hii ya chuma inashika. Wa 8240 nimewabandikia ya nanasi.

*Jumanne. Baharini, Ghuba ya Mexico*

Da Mwana: Sijalala.

Salma: Bahari?

Da Mwana: Talha. Saa nane usiku nimeshuka kwa ngazi mpaka sitaha ya sita, nikatembea lile kolido mpaka mwisho, nikasimama mlangoni kwao nikisikiliza. Kwenye kibangili cha mtoto kuna C, analala na mtu wa A, na mimi niko juu sitaha mbili. Kengele ikilia usiku, Yahya ampeleke A kwake au amlete C kwangu? Na mimi nishuke kumfuata au nimsubiri kituoni? Tukipishana kwenye ngazi je?

Yahya: Ma'mkubwa, ningemleta C.

Da Mwana: Wewe uliamka saa ngapi leo?

Yahya: Saa sita mchana. Humu hamna dirisha, giza totoro, huwezi kujua kumekucha. Nimegundua ukiiacha televisheni kwenye ile chaneli ya kamera ya omo, asubuhi inakuwa kama dirisha.

Da Mwana: Basi kengele nayo ungeisikia saa sita.

Othman: Na mapokezi wamenionyesha akaunti. Dola 63, chumba cha michezo. Talha kwenye karatasi ni wangu, kadi yake inakula kwangu. Nimewaambia waifunge, wanaifunga bure.

Yahya: Tulicheza wote.

Othman: Najua. Ndiyo maana ikawa 63.

Rehema: Mie na langu, nilikuwa naona haya. Faki. Chumba hakina dirisha, hakina pa kutokea, na ule mkoromo unagonga kila ukuta unanirudia. Saa kumi nilikuwa nimekaa juu na wazee wa Texas nakunywa chai.

Faki: Nyumbani husemi.

Rehema: Nyumbani kuna chumba cha wageni, baba.

Salma: Njoo 8240 ulale kwetu wifi.

Rehema: Vitanda vitatu, watu watatu. Na mama mkwe yumo. Nilale kitanda cha kushushwa kutoka darini, miguu yangu juu ya kichwa cha mama mkwe?

Faki: Basi mimi nishuke kwa Yahya, Talha aje kwa Rehema.

Yahya: Mjomba, hapana. Kwa heshima zote.

Nasra: Ngojeni. Bibi anataka kusema. Anasema:

"Faki ni mwanangu, anakoroma tangu ana miaka mitano, nilikuwa nikimgeuza ubavu usiku kucha. Mimi nakwenda kwake. Mtoto na mamake hakuna aibu. Rehema aje hapa alale na Nasra, na Talha achukue kitanda cha juu, mbele ya mkaza mjomba na dadake mtu asiogope kitu, ana miaka tisa. Salma arudi kwa mwanawe."

Da Mwana: Subiri nihesabu.

Da Mwana: 8244 Mama na Faki, C wote. 8240 Rehema, Nasra, Talha, C wote. Sisi hapa katikati, C. 6117 Salma na Yahya, A, na ndivyo walivyoandikwa. Mama kaipanga bila kuangalia herufi.

Salma: Yaani mimi nirudi omo.

Da Mwana: Kwenye karatasi hukutoka.

Salma: Na Yahya anayelala mpaka saa sita mchana, televisheni inawaka usiku kucha.

Yahya: Mama, na mimi nimehuzunika.

Faki: Mama, mkoromo wangu kweli utauweza?

Nasra: Bibi anasema sikio lake la kulia siku hizi halisikii, atalilalia la kushoto.

Rehema: Nahamisha mkoba sasa hivi kabla hajabadili mawazo. Sumaku ya Zanzibar naiacha, Mama asipotee.

Da Mwana: Nimemwambia na mhudumu wa vyumba nani yuko wapi. Maskini kaandika kwenye karatasi yake, kafuta, kaandika tena. Huyu tumwachie bakshishi ya mkononi, mbali na ile wanayotukata kila siku.

Othman: Nitampa mimi. Ametuunganishia vitanda vizuri.

Da Mwana: Othman!

Ami Khamis: Shemeji, na kibla mmekiweka sawa huko?

Nasra: Kaskazini mashariki, tunaangalia kwenye simu kabla ya kila sala. Bibi anasema jana meli iligeuka akiwa rakaa ya pili, akamaliza hivyo hivyo.

Ami Khamis: Ndiyo vyema. Ukianza sawa umeanza.

*Jumatano. Cozumel*

Salma: Mko wapi? Tumetolewa pembeni hapa mlango wa kutokea. Nimeweka kadi kwenye mashine, ikatoa sura ya Da Mwana.

Da Mwana: Kwa hiyo hii ninayojaribu kufungulia mlango ni ya nani? Yako! Nilisema nini Galveston?

Salma: Zilikuwa mezani 8240 zote. Nani anatazama.

Da Mwana: Usitoke. Nakuja chini.

Rehema: Mie leo nimelala kama mtoto. Talha hata hageuki huko juu.

Nasra: Uncle Faki hajaonekana chai ya asubuhi. Bibi yuko hapa, kashiba, kavaa miwani ya jua.

Da Mwana: Mama kalala vizuri?

Nasra: Anasema hajapata kulala hivi tangu atoke Pemba.

Rehema: Faki?

Rehema: Faki uko wapi mume wangu?

Faki: Juu. Na wazee wa Texas. Tangu saa tisa.

Faki: Mama anakoroma.

Yahya: 💀

Faki: Siyo utani. Sauti ile sijawahi kuisikia kwa binadamu. Nikamwita Mama, Mama. Sikio zima kalilalia.

Salma: Subhanallah. Jumatatu mimi nililala naye, nikadhani ni injini ya meli.

Nasra: Mimi nalala naye Houston kila siku, niliwaambia nani aliniuliza?

Ami Khamis: Marehemu kaka yangu mlikuwa mkidhani analala uani kwa sababu ya joto?