Mrejesho: dashibodi mpya kwenye pikapu ya zamani

Wakuu, niliuliza kama dashibodi ya pikapu mpya kidogo yaweza kukaa kwenye yangu ya zamani ya dizeli. Imekaa, ila jasho limenitoka. Niliipata Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, na waya zake zote. Fundi alitaka kuzikata, nikagoma. Spidi ndiyo ilisumbua: gari langu lina kebo inayozungushwa na giaboksi, dashibodi inataka sensa ya umeme. Tukafunga sensa pale kebo inapoingia kwenye giaboksi. Mshale wa mizunguko ya injini ulilala tu, maana unasubiri ishara ya koili ya kuwashia, na dizeli haina. Tukavuta waya kutoka W ya oltaneta (ncha ya jenereta ya gari inayotoa ishara kadiri injini inavyozunguka), mshale ukaamka (unazidisha kidogo, nauvumilia). Wa joto bado unadanganya, sensa ya zamani haipatani nao. Hiyo naibadilisha Jumamosi.