BWANA na Bwana katika Zaburi ya 110: ni nani anayesema na nani?

Msoma Zaburi:
Wapendwa, Jumapili nilipangiwa kusoma Zaburi ya 110 kanisani, ambayo katika Biblia ya Union huanza hivi: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." Nilipomaliza, mama mmoja aliniuliza ni Bwana yupi aliyekuwa akisema na mwenzake, nikakosa jibu, maana herufi kubwa huonwa na msomaji lakini msikilizaji hazisikii. Je, watafsiri wetu ndio waliolificha jina la Mungu?

Katekista Mstaafu:
Hapana, ndugu yangu, wao walilikuta limekwisha kusitiriwa. Kwa Kiebrania, yule wa kwanza ni jina la herufi nne, YHWH, na wa pili ni adoni, yaani "bwana wangu". Wayahudi, kwa kulicha jina hilo, waliacha kulitamka, na kila walipolifikia walisoma Adonai, yaani "Bwana". Karne nyingi baadaye wanazuoni walitia irabu za Adonai kwenye konsonanti zile ili kumkumbusha msomaji. Waliozisoma pamoja wakapata "Yehova", ambalo Union inalo katika Kutoka 6:3.

Mwanafunzi wa Kigiriki:
Mzee Katekista, shikamoo. Naomba niongeze habari ya Agano la Kale la Kigiriki, kwa kuwa naona hapo ndipo maana ilipogeuka hasa. Vipo vipande vya kale vya mafunjo ambamo jina limeachwa kwa herufi za Kiebrania katikati ya Kigiriki, lakini nakala walizorithi Wakristo zina Kyrios, yaani "Bwana", neno ambalo hata mtumwa alimwitia mwenye nyumba. Kwa hiyo Paulo, akinukuu Yoeli 2:32 katika Warumi 10:13 juu ya kuliitia jina la Bwana, analielekeza kwa Yesu, ambaye mistari minne tu nyuma amekiriwa kuwa Bwana. Angenukuu kwa Kiebrania, asingepita kwa wepesi huo.

Msoma Zaburi:
Nawashukuru. Basi "Mwenyezi-Mungu", ambaye Biblia ya Habari Njema humweka mahali pa BWANA, si angetuondolea utata huu?

Katekista Mstaafu:
Marahaba, mwanangu Mwanafunzi. Ndugu Msoma Zaburi, mama yule angeelewa mara moja, ila mtu anayefuatisha Yoeli na Warumi asingeona tena kwamba ni neno lile lile. Mimi ningebaki na BWANA, nikamweleza mama pembeni. Tena mwambie kwamba kipande cha jina lenyewe anakiimba kila Jumapili: "Haleluya" ni "msifuni Yah", na hilo hakuna aliyelitafsiri.