Kula kitu mu duka mbele ya kulipa: mpaka uko wapi?

Mama_Himbi aliuliza:

Jambo kwenu. Munisaidie kwa hii. Mu supamarshe na mu alimantasio (maduka ya vyakula) za hapa Goma, mutu anaweza kufungua kitu na kukila mbele hajafika ku kesi (pale pa kulipia)? Nafikiria mambo matatu. Mutoto analilia biskuti na foleni ni ndefu. Fanta ya baridi wakati wa jua kali. Halafu zabibu, ndizi na karanga: mutu anaonja moja, anaonja mbili, anaendelea tu. Na kama ku soko Virunga tunaonja bila shida, kwa nini supamarshe isikuwe vilevile? Nataka jibu la watu wanaojua kazi, si kutukanwa. Aksanti.

Kashie_Katindo:

Mama, jiulize kwanza: hiki kitu kinauzwa kwa kipande ao kwa kilo? Ukijibu hapo, umemaliza nusu ya kazi.

Cha kipande kina bei yake tayari. Paketi ya biskuti, ikiwa imejaa ao imebaki karatasi tupu, kwa mashini ni bei ile ile, kwa sababu mashini inasoma ile mistari myeusi, haisomi biskuti. Kwa hiyo ukifungua, linda mistari. Pasua upande mwingine wa paketi, usikunje pale penye mistari, na usimuachie mtoto karatasi aitafune. Mistari ikikatika, kashie (anayepokea pesa) anaandika kwa mkono namba 13 zilizo chini yake. Namba nazo zikipotea, mtu anatumwa rafuni, pale vitu vinapopangwa, kutafuta paketi ya namna ile ile, na foleni nzima inakutazama. Karatasi tupu iwe kitu cha kwanza kumpa kashie, na umwambie wazi: "Hii tumeshaikula." Ikionekana chini ya mfuko wa unga wakati umeshamaliza kulipa, hata kama ulisahau tu, hakuna atakayekuamini.

Angalia pia kama kitu kimetolewa ndani ya fungu. Yaourti sita zilizofungwa pamoja zina bei ya fungu. Ukivuta moja, zile tano hazina bei ya kuuziwa, na hiyo moja nayo haina.

Cha kilo ni habari nyingine. Bei ya ndizi, zabibu, nyama ao jibini inazaliwa juu ya mizani. Zabibu iliyo tumboni haipimwi tena, kwa hiyo hata ukiwa na moyo safi wa kulipa, hakuna atakayejua akulipishe ngapi. Usiniletee maganda ya ndizi: ganda ni kama theluthi ya uzito tu. Mtoto akitaka ndizi, pitia kwanza kwa mtu wa mizani, apime zote, abandike karatasi yake. Namba ya karatasi hiyo kwa kawaida inaanza na 2, maana yake ni namba iliyotungwa humo humo dukani na ndani yake kuna bei ao uzito. Kuanzia hapo ndizi zako zimekuwa kitu cha kipande, mpe mtoto moja. Karatasi ibandikwe ku mfuko, si ku ndizi itakayomenywa. Na usiishike kwa mikono yenye mafuta: haichapwi kwa wino, inachapwa kwa joto, na mafuta yanafifisha maandishi.

Jambo la mwisho ndilo linaloharibu watu wengi hapa kwetu. Hakikisha pesa yako inapita KABLA ya kufungua. Dola iliyochanika ukingoni hata kidogo inakataliwa. Pesa ya simu inategemea rezo (mtandao), na rezo haina adabu. Kitu kisichofunguliwa unakirudisha rafuni na kwenda zako. Kilicholiwa hakirudi, na kesi ya malipo inaanza kugeuka kesi ya polisi.

Mlango_wa_Nyuma:

Naongeza la mlangoni. Mlinzi analinganisha fakitire (karatasi ya malipo) na mfuko. Chupa ya maji uliyoingia nayo, mwonyeshe ukiingia ao iache kwenye konsinye (pa kuachia mizigo) pamoja na begi. Ukinywa ndani chupa inayofanana na zile za rafuni bila kuionyesha, wewe ndiye utakayetakiwa kueleza. Karatasi ya kitu ulichokula usiitupe mpaka umevuka mlango, hata kama imeshalipwa.

Jurista_Ndosho:

Upande wa sheria, maana watu wanapenda kutishana. Kodi penali ya Kongo (kitabu cha sheria za makosa na adhabu), dekreti ya 30 Januari 1940, inasema katika kifungu cha 79 kwamba mwizi ni mtu aliyechukua kwa hila kitu kisicho chake. Kifungu cha 80 kinaweka adhabu: hadi miaka 5 ya kifungo kwa wizi usio na nguvu wala vitisho, pamoja na faini, ao moja tu kati ya hizo mbili. Neno zito hapo ni "kwa hila". Anayekula biskuti mbele ya macho ya watu na kupeleka karatasi ku kesi hana hila. Anayekula na kuficha karatasi nyuma ya makopo ya maziwa anayo, na hawezi kujitetea kwamba ni biskuti moja tu.

Lakini msiruke upande wa pili mkafikiri kwamba nia ya kulipa inatosha. Mpaka ulipe, mwenye duka ana neno. Akiandika mlangoni kwamba ni marufuku kula ndani, ni marufuku, hata kwa mwenye pesa mkononi.

Kuhusu soko, Mama Himbi, kuna sababu ya zamani. Kodi sivili (kitabu cha sheria za kiraia) ya Ufaransa ya 1804, ambayo Wabelgiji waliirithi na iliyoacha alama kubwa katika sheria zetu za mikataba, ina kifungu cha 1587: vitu ambavyo kwa desturi huonjwa kabla ya kununuliwa, kama divai na mafuta, havijauzwa mpaka mnunuzi aonje na akubali. Hapo kuonja ni sehemu ya mapatano, na muuzaji yuko mbele yako, anakupa kwa mkono wake. Rafu ya supamarshe haijakupa kitu.

Fromaji_na_Asali:

Ndiyo hiyo: ANAKUPA. Sokoni hakuna "kujionjea". Desturi ni hii: unauliza bei kwanza, ndipo unaonja, ndipo unapunguza bei. Ukionja kwanza halafu ukauliza bei na kuondoka, umekula bure, hasa asubuhi mapema wakati mama wa watu hajauza hata kitu kimoja.

Fromaji (jibini) ya Masisi: muuzaji akate mwenyewe kwa kisu chake, kipande chembamba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Omba kitoke ndani, si karibu na ganda, maana ganda lina chumvi na litakudanganya. Changa inanyumbulika na ina ladha ya maziwa. Iliyokaa inakuwa ngumu na kali. Ikiwa imefura na ndani imejaa vitundu vidogo vidogo kama sponji, acha hata kabla ya kuonja, maziwa yake hayakuwa safi. Kuonja mara moja kwa kila duara kunatosha. Ukionja maduara matatu, nunua hata robo kilo.

Asali: usitumbukize kidole, na kijiti kilichoingia kinywani kisirudi ndani ya kidumu. Muuzaji adondoshe tone nyuma ya mkono wako, ulambe.

Karanga: mbili, si kiganja. Ukikuta moja chungu ao yenye harufu ya ukungu, tema na usinunue fungu lile. Sambaza (samaki wadogo) za kukaanga: moja, nayo uishike kwa mkia. Nanasi: onja lile ambalo tayari limekatwa kwa ajili hiyo, usiagize jipya likatwe. Avoka haionjwi, na wala haibonyezwi kwa kidole gumba: leo haionekani, kesho pale pote ni peusi na mwenye hasara ni muuzaji. Ilaze kiganjani, bana polepole karibu na kikonyo.

Infirmie_Keshero:

Wote mumesema pesa, hakuna aliyesema tumbo. Kipindupindu si mgeni Goma. Matunda ya rafuni yameshikwa na mikono mingi, na mkono wako umetoka kushika franka na mpini wa kigari. Ukilazimika kula humo, kula kinachomenywa ao kilichofungwa kiwandani. Zabibu na pera zisubiri maji safi ya nyumbani. Mtoto anayelia asipewe karanga nzima wala zabibu nzima, kwa sababu akivuta pumzi ya kilio vinaingia njia ya hewa. Asali, hata tone la kuonja, si ya mtoto wa chini ya mwaka 1.

Kuna mtu mmoja ambaye hatusubiri alipe: mgonjwa wa sukari anayetumia dawa, akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa. Fungua soda ya sukari ya kweli, si zero, anywe nusu glasi hivi, kama mililita 150. Hiyo ni karibu gramu 15 za sukari. Ngojeni dakika 15, na kama bado, rudieni. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari. Akipoteza fahamu, usimmiminie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali haraka. Fakitire itafuata.

Mama_Himbi:

Aksanti kwenu wote. Imebaki ile Fanta ya jua kali, hamukuigusa.

Kashie_Katindo:

Ya plastiki ni kama biskuti: kunywa, linda mistari, leta chupa. Lakini acha kifuniko juu yake, maana chupa tupu inayomwaga matone juu ya mkate wa mtu mwingine ni ugomvi mpya. Ya kioo, hapana: kabla ya kuifungua uliza habari ya vidanje (chupa tupu za kurudishwa). Chupa si yako, unalipia kinywaji tu. Ukinywa pale pale na kuacha chupa ku kesi, hudaiwi kitu kingine. Ukitoka nayo bila kuleta chupa tupu yako, utalipia na chupa. Na usifungue kwa meno ao kwa ukingo wa rafu. Shingo ikivunjika, umelipa soda, umelipa chupa, na hujanywa.