Mrejesho: Muuguzi wa kufuatilia wagonjwa, bima, wodini au mitaani?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwaka juzi niliuliza: muuguzi wa Pemba anayetaka kazi ya kufuatilia mgonjwa hatua kwa hatua, aende bima, hospitali au jamii? Mkanambia nikaone mwenyewe. Nimeona.

Bima nilipita haraka. Saa zinajulikana, lakini mgonjwa unamjua kwa fomu tu, moyo haukutulia. Wodini ndiko nilikojifunza kumpanga mgonjwa kabla hajaruhusiwa: nani atamfunga kidonda, dawa zitaisha lini, nauli ya boti kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, itatoka wapi.

Nimechagua jamii, huku Micheweni. Kuna bibi mmoja wa sukari, ana kidonda cha mguu. Wodini aliitikia kila alichoambiwa. Nilipofika kwake nikaikuta insulini, dawa yake ya sukari isiyotaka joto, iko dirishani, jua linaipiga. Ile tukaiacha, nikamfuatia nyengine. Mjukuu akaleta mtungi wa udongo, tukauweka kwenye beseni la mchanga uliorowa, insulini mpya ikakaa humo kwenye ubaridi, imefungwa vizuri. Faili lisingenionesha dirisha lile.

Dada uliyesema nianze wodini kwanza, ahsante sana. Bila ya wodi nisingejua kukisoma kidonda kile.