Paa la ghala la korosho Mtwara: je, geji 28 itahimili chumvi na upepo?

Mwenye ghala:
Ndugu wataalamu, ninajenga ghala la korosho hapa Mtwara, mita zipatazo 400 kutoka baharini, na kenchi za chuma zimekwisha simamishwa. Ghala langu la zamani, lililoezekwa kwa mabati ya geji 30, lilianza kuvuja kabla ya kutimiza miaka 7, na korosho zilizolowa zilishushwa daraja. Muuzaji ananihakikishia kwamba geji 28 itamaliza tatizo. Je, unene peke yake unatosha?

Fundi wa mapaa, Lindi:
Pole kwa hasara hiyo, ndugu yangu. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, lakini kinachozuia kutu ni tabaka lililopakwa juu ya chuma. Karibu na bahari ningechagua bati la aluzinki, ambalo tabaka lake ni alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni kidogo. Dai kwamba uzito wa tabaka, gramu 150 kwa mita ya mraba, uandikwe kwenye ankara. Kagua pia upande wa chini, ambao wengi huusahau: juu ya paa chumvi huoshwa na mvua, ilhali ile inayoganda chini ya ncha za bati haioshwi na chochote, na mara nyingi kutu huanzia hapo. Nakusihi usiruhusu bati likatwe kwa grainda, kwa kuwa cheche zake huunguza tabaka.

Mhandisi ujenzi:
Naongeza suala la upepo. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kwa hiyo pwani ya kusini haiwezi kujengewa kana kwamba haina vimbunga. Upepo hulivuta paa kwenda juu, na mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo na kona, ambako papi (mihimili midogo ambayo bati hufungwa juu yake) zisogezwe zikaribiane na skrubu ziongezwe. Kwa kuwa kibali kilitolewa kwa michoro iliyopitishwa, peleka halmashauri michoro iliyorekebishwa kabla ya kuezeka.

Mwenye ghala:
Nawashukuru sana. Skrubu nilizokwisha nunua ni za kawaida, zilizopakwa rangi tu. Nizirudishe?

Fundi wa mapaa, Lindi:
Zirudishe. Rangi hukwaruzwa siku ile ile ya kufunga, na kutu ya kichwa cha skrubu hutoboa hata bati zuri.